Barua ya wazi kwa wateuzi wa timu ya taifa ya kriketi: msitutafutie Obuya mwingine

Kwa wateuzi wa timu ya taifa ya kriketi, na kwa viongozi waliowakabidhi kazi hiyo,

Salamu nyingi kutoka Malindi.

Tangu Collins Obuya, mkongwe wa timu yetu ya Kenya, astaafu Machi 2024, baada ya Michezo ya Afrika kule Accra, kila kikosi kikitangazwa swali la kwanza huku kwetu ni lilelile: nani anashika nafasi ya Obuya? Nawaandikia kuwaomba muache kulijibu swali hilo kwa jina la mtu mmoja. Kila linapojibiwa hivyo, kijana wa watu anavalishwa joho la mwenzake, linampwaya mbele ya macho ya nchi nzima, na baada ya mechi mbili tatu mashabiki tumeshamchoka, tunauliza nani mwingine.

Mimi si mchezaji wala mwanachama wa klabu yoyote. Natengeneza friji na feni, na karakana yangu, kwa vile ina kivuli na runinga ndogo ukutani, imekuwa baraza la watu wa kriketi. Ndiyo, Malindi tupo. Wapo Mabohora wa mjini walioukuta mchezo huu kwa baba zao. Wapo vijana wa tuktuk waliouzoea kwenye simu kwa kufuata ligi ya India. Yupo mwalimu wa hesabu, mama mtulivu, anayeandika mikimbio (alama za wapigaji) na wiketi (wapigaji waliotolewa) kwenye daftari lake kila timu yetu inapocheza. Na yupo mzee tunayemwita Ami, ambaye tangu ujana wake alikuwa akipanda basi kwenda Mombasa kutazama mechi za klabu. Wakikutana hao, kahawa ikizunguka, kikosi chenu kinachambuliwa jina kwa jina.

Mara ya mwisho mjadala ulikuwa mkali hata muuza kahawa akaweka dele lake chini akaingia naye. Dereva mmoja wa tuktuk alishikilia kwamba wakongwe wote waondolewe, waingizwe vijana watupu. Ami akamwambia, "Mwanangu, ukiwatoa wote hao, nani atamwambia kijana afanye nini wiketi tatu zikianguka kwa mpigo?" Kelele zikapanda. Mwalimu akasubiri zitulie, kisha akawauliza wote wawili: "Huyo Obuya mnayemtafutia mrithi ni yupi? Maana kwenye daftari langu ninao watatu."

Swali hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika, na naomba mlitafakari.

Obuya wa kwanza ni yule wa tarehe 24 Februari 2003, pale Nairobi Gymkhana. Alikuwa kijana wa miaka 21, mrushaji wa mipira ya kuzungusha kwa kifundo cha mkono. Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996, walikuwa wakifukuzia mikimbio 211. Obuya akarusha ova zake 10, kila ova mipira sita, akatoa mikimbio 24 tu na kuangusha wiketi 5, wakiwemo Mahela Jayawardene, Kumar Sangakkara na Aravinda de Silva. Sri Lanka wote wakatoka kwa 157. Mwaka huohuo klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikamchukua, na mashabiki tukajua tumepata mrushaji wa kututosha miaka mingi.

Haikuwa hivyo. Urushaji wake ulififia, na ungetarajia jina lake lifutike kama majina mengine mengi. Badala yake akajijenga upya kama mpigaji. Tarehe 13 Machi 2011, kwenye Kombe la Dunia, mjini Bangalore, Australia walituwekea mikimbio 324. Hatukuzifikia, lakini siku ile Obuya, yule aliyeingia timu kwa kurusha, alimaliza na mikimbio 98 bila kutolewa. Huyo ndiye wa pili. Wa tatu ni nahodha, aliyekabidhiwa timu baada ya Kombe hilo la Dunia, kisha akabaki kuwa mtu mzima wa chumba cha wachezaji hadi alipoaga akiwa na miaka 42.

Sasa mkiketi mezani mkasema tunataka wa kuchukua nafasi ya Obuya, mnasema nini? Ipo kazi ya kusimama katikati wakati wapigaji wa mwanzo wameshatoka na ova bado nyingi. Ipo kazi ya kuongeza kasi mwishoni. Zipo ova mbili tatu za kupitisha katikati ya mechi bila kuumia sana. Na ipo kazi ya mtu wa kumwendea kijana ambaye mipira yake mitatu mfululizo imepigwa hadi nje ya mpaka wa uwanja, amshike bega, amwambie neno. Kazi hizo nne zinaweza kwenda kwa watu wanne, na pengine wawili kati yao wako kikosini tayari ila hakuna aliyewaambia kwamba kazi hiyo ni yao.

Mtaniuliza kama timu ya kugawana kazi hivyo yaweza kushinda. Naomba mrudi Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, tulipocheza na West Indies kwenye Kombe la Dunia. Mwalimu anaipenda mechi hii kuliko zote, na sababu yake ni ya kihesabu. Kenya ilipata 166. Katika hizo, hakuna mpigaji wetu hata mmoja aliyefika 30. Aliyepata nyingi zaidi ni Steve Tikolo, 29. Mikimbio ya ziada, ile waliyotupa West Indies wenyewe kwa mipira iliyopotea njia, ilikuwa 37, yaani ilimshinda kila mpigaji wetu. Kisha warushaji wakaingia. Rajab Ali akamtoa Brian Lara akiwa na 8, mlinda wiketi Tariq Iqbal akadaka, na mwisho wa mchezo Rajab alikuwa na wiketi 3 kwa mikimbio 17, nahodha Maurice Odumbe naye wiketi 3 kwa 15. West Indies wakaisha kwa 93. Tuliwashinda kwa mikimbio 73, na ukiulizwa nani alikuwa nyota wa kupiga siku ile, huna la kujibu. Kila mmoja alileta kidogo chake. Ushindi ambao dunia nzima ya kriketi inaukumbuka tuliupata kwa 28 ya huyu na 24 ya yule.

Nalisema hili kwa kuwa huku Pwani tuna kumbukumbu nyingine tunayoipenda mno, na naamini imetudanganya. Aasif Karim ni mtoto wa Mombasa. Alikuwa ameshastaafu baada ya Kombe la Dunia la 1999, akarudishwa kwa lile la 2003 akiwa na miaka 39. Tarehe 15 Machi, Durban, Australia walihitaji 175 na walikuwa wanakwenda mbio, wamepita 100 kwa wiketi 2 tu. Karim akapewa mpira. Akamtoa Ricky Ponting, akamtoa Darren Lehmann, akamtoa Brad Hogg. Alirusha ova 8 na mipira 2, ova 6 kati ya hizo bila mkimbio hata mmoja, akamaliza na wiketi 3 kwa mikimbio 7. Tulishindwa mechi, lakini mchezaji bora wa siku akawa yeye. Ami akiisimulia husimama katikati ya karakana na kuonyesha ule mwendo mfupi wa Karim, hatua chache tu, mkono unapanda, mpira unaning'inia hewani. Kila mtu hunyamaza. Sijawahi kuchoka kuisikia.

Lakini angalieni tulichojifunza kutokana nayo. Tulijifunza kwamba mambo yakiharibika, yupo mkongwe mahali fulani ambaye anaweza kupigiwa simu. Steve Tikolo, mpigaji bora kuwahi kutokea nchini, alistaafu baada ya Kombe la Dunia la 2011, ambalo tulipoteza mechi zote 6. Simu ikapigwa. Januari 2014, akiwa na miaka 42, Tikolo alikuwa tena uwanjani na jezi ya taifa kule Nyuzilandi, kwenye mashindano ya kufuzu. Ndiyo mashindano ambayo Kenya ilitoka bila ile hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja tuliyokuwa nayo tangu miaka ya tisini. Nyota wetu mkubwa kuliko wote alikuwapo, na hadhi ikaondoka palepale. Simlaumu Tikolo hata kidogo. Mzalendo akiitwa huitika. Nawauliza waliokaa kwenye viti vyenu kabla yenu: kati ya 2003 na 2011 mlikuwa mnamwandaa nani kando yake?

Vijana wa tuktuk kwenye baraza letu wanawajua India kuliko wanavyowajua nyinyi, na mjadala wao mkubwa mwaka 2025 ulikuwa wa Virat Kohli, aliyestaafu mechi za Test, zile za siku tano, mwezi Mei. Nani atapiga namba nne? Walibishana hadi usiku. Jibu lilipokuja halikuwa la ajabu. Shubman Gill akasogezwa hapo, akapewa na unahodha, akaenda Uingereza akapata mikimbio 754 katika mechi 5. Ila Gill hakuokotwa siku hiyo. Alikuwa kwenye timu ya Test tangu mwishoni mwa 2020, akila chakula meza moja na Kohli. Na Kohli mwenyewe, alipoichukua namba nne kutoka kwa Sachin Tendulkar mwishoni mwa 2013, alikuwa ameshacheza naye Test tangu 2011. Mechi yake ya kwanza hapo, Johannesburg, alipata 119, kisha 96. Mrithi alikuwa ndani ya nyumba miaka miwili, mitano, kabla ya mwenye nafasi kuondoka.

Najua mtasema India ina watu na fedha tusizoweza kuziota. Sawa. Basi tuwaache India, twende Kampala.

Uganda walifuzu Kombe la Dunia la T20, la mechi fupi za ova 20 kila upande, la 2024. Walikwenda Windhoek Novemba 2023, wakawafunga Zimbabwe, wakapita pamoja na Namibia, na sisi tulikuwa kwenye mashindano yaleyale. Juni 2024, Guyana, wakaishinda Papua New Guinea kwa wiketi 3. Shujaa wa siku hiyo alikuwa Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, aliyerusha ova 4 akatoa mikimbio 4 na kuchukua wiketi 2. Kijana wangu wa tuktuk anayetaka wazee wafukuzwe aliitazama mechi hiyo nami, na hakuwa na la kusema. Umri si kosa. Ila kando ya Nsubuga walikuwapo kina Juma Miyagi, mrushaji wa kasi wa miaka 21, waliokuwa wamecheza naye mechi nyingi kabla ya hapo. West Indies waliwatoa wote kwa 39 siku chache baadaye, nalo nalijua. Walikuwa pale wakitolewa kwa 39, sisi tulikuwa nyumbani tukiwatazama.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kwa miaka kadhaa aliyekuwa kocha wa Uganda ni Steve Tikolo. Alichokijua alikipeleka kwa jirani, kwa sababu jirani alimwomba.

Nirudi kwenye meza yenu. Kikosi kikitoka, sisi mashabiki tunapata orodha ya majina, na labda picha. Basi. Hatujui aliyeingia ameingia kwa lipi, aliyeachwa ameachwa kwa lipi, wala ni mechi zipi zilizotazamwa. Na pasipo sababu, watu hutunga za kwao. Nimeyasikia kwenye karakana yangu na sikupendezwa nayo: huyu ameingia kwa kabila lake, yule kwa rangi yake, huyu klabu yake ina mtu ndani, yule kakake alicheza zamani. Maneno hayo yanawachoma wachezaji ambao hawakufanya lolote ila kupiga na kurusha vizuri, na hamuwezi kuyazima kwa kunyamaza.

Hilo la ndugu hasa nataka kulisemea, maana linasemwa kwa ubaya na lina ukweli wa aina nyingine ndani yake. Hebu zitazameni timu zetu za nyuma. Tom, David na Steve Tikolo. Edward na Maurice Odumbe. Martin na Tony Suji. Kennedy, David na Collins Obuya. Kisha Lameck Onyango, Nehemiah Odhiambo, James na Shem Ngoche, ndugu wanne wa tumbo moja. Watu husema ni upendeleo. Mimi nasema walikuwa wachezaji wazuri kwelikweli, na bila nyumba hizo nchi isingekuwa na kriketi ya kuzungumzia. Ila jiulizeni kwa nini timu ya nchi nzima ilitoka kwenye nyumba chache hivyo. Ni kwamba mtoto alijifunza kwa kumfuata kaka yake uwanjani, na kaka alikuwa ameanza kwa sababu nyumbani kwao kulikuwa karibu na uwanja wa klabu, Nairobi. Mlango ulikuwa huo mmoja. Aliyezaliwa Malindi hana kaka wa kumfuata, hata awe na mkono wa dhahabu.

Ninaye mmoja kichwani ninapoandika haya, na sitamtaja jina kwa kuwa bado ni mwanafunzi. Anacheza ufuoni na wenzake. Msiucheke uwanja huo. Mto Sabaki unamwaga udongo wake kaskazini ya mji, na maji yakikupwa ufuo wa Malindi hubaki mpana, mchanga umeshikana na udongo, mgumu kiasi cha mpira kudunda. Wiketi ni vijiti vitatu vya mkoko. Mpira ni wa tenisi uliozungushiwa tepu nyeusi ya mafundi wa umeme, na tepu hiyo nawapa mimi. Wameshagundua wenyewe kwamba ukiifunga upande mmoja zaidi ya mwingine mpira unakata hewani, kwa hiyo wanabishana kuhusu namna ya kufunga kabla hawajaanza kucheza.

Kijana huyu hataki mpira wa kukata. Anataka uliofungwa sawasawa, kwa sababu yeye anazungusha. Anaushika kwa vidole viwili vimetanuka na cha tatu kimekunjwa, na anapoachia unasikia tepu ikikwaruza ngozi yake. Kwenye mchanga mkavu mpira wake haufanyi lolote la maana. Kwenye ule unyevu wa karibu na maji, unapotua unavuta kando shubiri mbili nzima. Nimemwona akimwambia mpigaji, "Huu unaingia," na ukaingia, na mpigaji akakosa vilevile. Hakuna aliyemfundisha. Kocha wake ni simu ya mjomba wake.

Siwaombi mumchague. Kijana aliyezoea mpira wa tepu hajawahi kusimama mbele ya mpira wa ngozi ukija kwa kasi, hajavaa pedi wala glavu, hajui ova 10 kwenye jua la saa nane zinakula vipi bega. Huenda mkimtazama mtasema hafai, na mimi nitaamini, kwa sababu nyinyi ndio wenye jicho. Naomba atazamwe. Mwaka mmoja habari ya majaribio ya vijana ilimfikia kwenye simu, imepitishwa mkono hadi mkono, majaribio yenyewe yakiwa yamekwisha siku mbili nyuma. Na hata ingemfikia mapema: kutoka hapa hadi Mombasa ni kilomita kama 120, kutoka Mombasa hadi Nairobi karibu 480 nyingine. Ni usiku mzima ndani ya basi, nauli ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala. Mama yake anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Fanyeni hesabu wenyewe.

Mombasa Sports Club mwaka 2006 ilichezewa mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Uwanja upo. Wakifanyiwa majaribio ya Pwani pale, watoto wa Malindi, Kilifi, Watamu, hata Lamu kwa anayejitahidi, wanaweza kufika kwa matatu na kurudi kwao jioni au kesho yake. Tangazo litoke mwezi mzima kabla, lipelekwe shuleni kwa walimu wa michezo, lisiachwe kuzunguka kwenye simu za watu wenye ndugu klabuni.

Na kuhusu sababu za uteuzi, siombi kitabu. Sentensi mbili kwa kila jina zinatosha. Semeni: huyu tumemchukua kwa ajili ya ova za mwisho, tumemtazama mechi hizi na hizi. Huyu tumemwacha, tunataka arudi klabuni akapige namba tatu msimu mzima, mlango haujafungwa. Aliyeachwa atajua afanye nini Jumatatu asubuhi. Leo hajui. Mwalimu wetu wa hesabu ameniambia niwaandikie kwamba hata mtoto wa darasa la nne akipewa alama mbovu hurudishiwa karatasi yake aone alikosea wapi.

Kuna kikosi cha chini ya miaka 19 kilichokwenda Kombe la Dunia la vijana Nyuzilandi mwanzoni mwa 2018. Nahodha wao, Sachin Bhudia, tumemwona akipanda hadi timu kubwa, na tulifurahi. Watafuteni wengine wote wa kikosi kile, mmoja mmoja. Muwaulize nani bado anacheza na nani ameacha, na aliyeacha aliacha mwaka gani, kwa nini. Majibu yao yatawafaa kuliko mjadala wowote wa nani ni Obuya mpya, kwa sababu warithi wa Obuya walipaswa kuwa miongoni mwao, wakae naye ile miaka sita iliyobaki, wajifunze kutoka kwake jinsi mrushaji anavyogeuka mpigaji bila kuvunjika moyo.

Oktoba 2025, Harare, tulifika nusu fainali ya kufuzu, Zimbabwe wakatutoa, na nafasi za Afrika za Kombe la Dunia la 2026 zikaenda kwao na kwa Namibia. Tulikuwa mechi moja tu mbali. Baraza langu lilikuwa limejaa siku hiyo, na mtu mmoja akasema kwa sauti, "Angekuwapo Obuya." Watu wengi waliitikia. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nawaza kwamba Obuya tulikuwa naye miaka zaidi ya ishirini, na bado tulikuwa tukingojea mtu mmoja atuokoe.

Kwa hiyo kabla ya kikosi kijacho, nawaomba mketi muandike kazi kwanza, majina baadaye. Kila mkongwe mnayemwita, muiteni pamoja na kijana atakayekaa naye, kijana huyo acheze, asiwe wa kubeba maji tu. Na kama kuna mmoja wenu anayeweza kupata siku mbili, aje Malindi. Aje Jumamosi ya bamvua, kwa sababu maji mafu ufuo huwa mwembamba na vijana hawachezi. Wakati wa bamvua maji hukupwa asubuhi, saa nne hadi saa tano hivi ndipo mchanga unapokuwa mpana na wenye unyevu mzuri. Alete mipira kadhaa ya ngozi, maana hapa hatuna. Akifika stendi aulize karakana ya friji yenye watu wanaobishana kuhusu kriketi, ataonyeshwa.

Wenu katika mchezo huu,
Fundi wa friji na shabiki wa timu ya taifa,
Malindi